Nilivyoziondoa lebo saba kwenye fill_super

Nilikuwa naandika moduli ya mfumo wa faili wa Linux, wa kusoma tu. Kusoma data kulikuwa rahisi. Kilichonitoa jasho ni njia za kushindwa: kumbukumbu ikiisha, diski isiposomeka, namba ya utambulisho isipolingana.

Mwishoni mwa fill_super, kitendakazi kinachoandaa mfumo wa faili unapounganishwa, nilikuwa na lebo saba (alama ambazo amri ya goto hurukia), kila moja ikiachilia kitu kimoja kisha kushukia inayofuata. Ndivyo watu wa kerneli, yaani kiini cha Linux, wanavyoandika, na goto hapo haina ubaya. Ila kila nilipopenyeza hatua mpya katikati, mpangilio wa lebo nao ulipaswa kubadilika. Siku moja kerneli ikaanguka: kumbukumbu ileile ilikuwa imeachiliwa mara mbili.

Chanzo nilikipata baada ya kuusoma msimbo wa kerneli wenyewe. put_super, kitendakazi cha kusafisha mfumo wa faili unapoondolewa, huitwa ikiwa tu s_root, kielekezi cha saraka ya mzizi, imeshawekwa. Mimi nilishaiweka, kisha hatua iliyofuata ikashindwa. Lebo zangu zikasafisha, halafu put_super ikaja kusafisha palepale.

Lakini kill_sb, kitendakazi cha kuufunga mfumo wa faili, huitwa hata fill_super ikishindwa, s_root iwepo isiwepo. Basi usafi wote nikauhamishia huko: naita kill_block_super, kifungaji cha kerneli kwa mifumo ya diski, kwanza, kisha naachilia muundo wangu wa data. Nilikuwa nimeutenga kwa kzalloc, inayotoa kumbukumbu iliyojaa sifuri, kwa hiyo kielekezi ambacho hakijajazwa ni NULL (hakielekezi popote), na kfree, ya kuachilia kumbukumbu, huipokea NULL bila shida. Cha kuchunga ni kimoja tu: muundo wenyewe unaweza kuwa haukupatikana, kwa hiyo ukague kabla ya kugusa kilichomo.

Bafa ya superbloku, sehemu ya diski yenye maelezo ya mfumo wa faili, siishikilii tena. Nanakili ninachohitaji na kuita brelse, ya kuiachilia bafa, hapohapo. Niligundua pia kwamba d_make_root, inayotengeneza saraka ya mzizi, ikishindwa huiachilia yenyewe inodi (rekodi ya faili au saraka), kwa hiyo iput, ya kuachilia inodi, niliyoiweka baada yake lilikuwa kosa jingine.

Sasa kila kushindwa ni mstari mmoja: rudisha -ENOMEM (kumbukumbu imeisha), au -EIO (diski haisomeki), au -EINVAL (data si sahihi).

Sikuridhika kwa kuangalia tu. Niliwasha failslab, zana ya kerneli ya kukataa maombi ya kumbukumbu makusudi, nikaweka chaguo lake la ignore-gfp-wait kuwa N ili hata maombi ya kumbukumbu yanayoweza kusubiri yakataliwe. Kisha kwa fail-nth, faili ya kuchagua ombi la ngapi likataliwe, nikaangusha ombi la kwanza, la pili, la tatu, nikiongeza namba hadi diski ikaunganishwa. Hakuna kuanguka hata kumoja, na kmemleak, kigunduzi cha kumbukumbu isiyoachiliwa, haikuripoti chochote.