Mzee Aliyeona Mashina Mawili Kila Alasiri

Mzee yule alilima zabibu Hombolo. Alikuja kliniki Dodoma mjini na miwani yake ya pili, mpya kabisa. Kusomea ilimsaidia, lakini wakati wa kupogoa bado aliona mashina mawili, akakata matawi yasiyotakiwa.

Nilimwomba afunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Kila alipofunika, kitu kilibaki kimoja. Vingebaki viwili, ningetafuta ndani ya jicho lenyewe: mtoto wa jicho, kovu la konea (kioo cha mbele cha jicho), au miwani isiyomfaa. Kikiwa kimoja, shida ni macho kutoelekea mahali pamoja, na kuongeza miwani ya kawaida ni kumpotezea mgonjwa fedha. Inaniuma kuona kipimo hiki kinarukwa, maana hakihitaji hata kifaa.

Macho yalizunguka vizuri pande zote. Mboni zililingana na zilisinyaa kwa tochi, jambo la kushukuru: kope kuanguka na mboni kutanuka kwa pamoja ni dharura, huenda mshipa wa damu uliovimba kichwani unabana neva.

Nikamuuliza shida huanza saa ngapi.

"Asubuhi sina neno, daktari. Kuanzia alasiri ndiyo balaa."

Nikamwambia atazame dari bila kushusha macho. Kabla dakika 2 hazijaisha, kope la kushoto lilikuwa limelegea na taa zimekuwa mbili. Rula ilionyesha uwazi wa jicho wa milimita 5. Nikatia barafu kwenye glavu, nikaizungushia kitambaa isiunguze ngozi, nikaiweka juu ya jicho lililofungwa kwa dakika 2. Nilipoiondoa nikapima papo hapo, kwa kuwa nafuu yake haikawii kuisha: milimita 9. Hata kupanda kwa milimita 2 kunatosha kutia shaka ya mayastenia gravisi.

Katika ugonjwa huu kingamwili, yaani askari wa kinga ya mwili, huziba vipokeo vya misuli, sehemu zinazopokea ujumbe wa neva, ujumbe ukafika hafifu, na kadiri msuli unavyotumika ndivyo unavyochoka. Baridi hupunguza kasi ya kuvunjwa kwa kemikali inayobeba ujumbe huo. Na kwa kuwa misuli huchoka kadiri siku inavyokwenda, mgonjwa akipimwa asubuhi tu huweza kuonekana mzima.

Nilimwandikia rufaa: kipimo cha damu cha kingamwili, ingawa ugonjwa ukiwa machoni tu karibu nusu ya wagonjwa hawaonekani nazo, na CT skani ya kifua kutafuta uvimbe wa thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani. Dawa ya kuanzia ni pairidostigmini, vidonge vya miligramu 60. Kope huitikia vizuri kuliko macho yenyewe.

Mwanawe nilimweleza mara mbili: baba akianza kupaliwa, kuongea puani au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na kwenye cheti nikaandika kwa herufi kubwa dawa za kuepuka kwa kuwa zaweza kuuzidisha ugonjwa huu: kwinini, gentamaisini, siprofloksasini.