Nimezunguka Dar nzima natafuta glovu ya kupigia rivolva ya .44

Shika mpini wa panga halafu angalia ile nyama laini iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Hapo ndipo nilipochanika mwaka jana na kovu bado lipo, dogo kama punje ya mchele. Ofisini waliniuliza nikasema nimejikata na kopo la maziwa ya Mtindi, jibu la kijinga maana mtindi hauuzwi kwenye makopo, ila ukimwambia mtu wa Dar kwamba ulikuwa unapiga rivolva anakuangalia mara mbili halafu anasogeza kiti.

Ilikuwa hivi. Kaka yangu anaishi Houston miaka mingi sasa, nikaenda kumtembelea, wikiendi ya pili akaniambia mdogo wangu leo twende renji, pale watu wanapolenga shabaha, ukaone vitu. Lakini kabla ya renji akanipeleka kununua leseni ya kuwinda, mimi ambaye hata kuku nyumbani anachinja jirani. Kumbe sheria yao ya shirikisho inasema mgeni aliyeingia kwa viza ya muda hatakiwi kushika silaha, ila kuna ruhusa chache na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi ni mwindaji wa Texas, mama Nasra akisikia hivyo anacheka mpaka anakaa chini.

Tukaanza na bastola ya 9mm, fresh tu, nikajiona komando. Halafu kaka akatoa rivolva yake ya .44 Magnum, Smith & Wesson 629, chuma cheupe kizito, mpini wa mbao wenye michoro ya misumeno misumeno ili usiteleze. Hii risasi ipo tangu 1955 na ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaka kuangusha mnyama mkubwa kwa bastola. Ya kwanza nilipiga nikacheka. Ya pili nikacheka kidogo. Ya sita nilikuwa sicheki. Kisha akaniazimishia ya rafiki yake, 329PD, risasi ni ileile ya .44 lakini bastola yenyewe imetengenezwa kwa madini mepesi ina kama gramu 700 tu, nikapiga tano nikaiweka mezani nikaangalia mkono, damu.

Niliporudi nikakaa na kalkuleta ya simu kwa sababu sikuelewa kwa nini ile nyepesi ndiyo iliniumiza zaidi, kichwani kwangu kitu kizito ndicho kinaumiza. Kumbe ni kinyume. Teke la risasi, yaani ule msukumo unaorudi mkononi, ni lilelile, ila bastola ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi zaidi, na kasi ndiyo inayokula ngozi. Kwa makadirio yangu ya mtu wa kawaida, 9mm ya kawaida inakurudishia nishati kama joule 6 hivi, ile 629 inafika kama 27, na ile nyepesi inakaribia 50. Yaani mara nane ya 9mm kwenye kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa shilingi mia.

Sasa mwaka huu nilikuwa narudi tena, harusi ya mpwa wangu, nikaapa siendi mikono mitupu. Kaka akasema glovu zipo huku kibao tutanunua. Mimi nikasema hapana, Kariakoo kuna kila kitu. Ubishi tu.

Duka la kwanza lilikuwa la vitu vya bodaboda. Muuzaji, kijana mchangamfu sana, akaniletea zile zenye plastiki ngumu juu ya vifundo kama roboti, akasema bosi hii ndani ina jeli, inameza mtikisiko wote. Elfu 25. Nikalipa. Nyumbani nikaikata mshono kwa kisu kuona hiyo jeli, nikakuta sponji, ile ya godoro kabisa, ya njano. Nimeshasamehe. Ila hata ingekuwa jeli kweli isingefaa, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa mambo.

Mtu akifikiria glovu ya kitu chenye teke anafikiria unene. Nene ndiyo salama. Kwa rivolva unene ni mtego, kwanza kwa sababu mpini unakuwa mkubwa ghafla, kidole cha shahada hakifiki vizuri kwenye kifyatuo, unajikuta unazungusha mkono pembeni ili ufike, na ukizungusha teke haliji tena kwenye mstari wa mkono, linaishia kwenye mfupa wa dole gumba. Pili, kidole chenye nguo nene hakisikii. Unaweza kuwa umeshagusa kifyatuo na hujui, na bastola ya hivyo ikilia kabla hujawa tayari hilo si jambo la kusimulia ukicheka. Pia ncha ya glovu iliyolegea inaweza kubanwa nyuma ya kifyatuo kisirudi mbele. Ndiyo maana kidole cha shahada lazima kiwe wazi kuanzia kiungo cha kati. Hilo sibishani na mtu.

Nikajiwekea kipimo: sarafu ya shilingi 50 juu ya meza ya kioo, nimevaa glovu, niiokote. Nikishindwa glovu inarudi. Zile za bodaboda zilikuwa zinasukuma sarafu mpaka inaanguka.

Zikafuata za jimu. Hizi zina vidole vilivyokatwa, nikadhani nimemaliza, ila sponji yake ipo kwenye mstari wa chini ya vidole, pale chuma cha kunyanyua kinapokaa, na kule kwenye nyama ya dole gumba kuna kitambaa tu chepesi. Za baiskeli nazo jeli yake ipo upande wa kidole kidogo kwa sababu mwendesha baiskeli anaegemea pale. Kila mchezo una sehemu yake unayoumiza, na aliyeshona glovu anajua. Rivolva yenyewe mtutu uko juu ya mkono, kwa hiyo ikilia haiji nyuma tu, inapinda kwenda juu, mpini unazunguka ndani ya kiganja na ile nundu ya juu inagonga pale kwenye nyama, na kwa chini kile chuma kinachozunguka kifyatuo kinapiga kifundo cha kidole cha kati. Sehemu mbili. Kwingine kote unataka ngozi nyembamba inayonata, basi.

Nani anavaa ngozi nyembamba inayonata? Mcheza gofu. Wazo hilo lilinijia kwenye foleni ya Mwenge, nikaona aibu kwa kuchelewa. Ila kuna kitu, glovu ya gofu inauzwa moja moja na mcheza gofu wa mkono wa kulia anaivaa mkono wa kushoto. Mimi nataka ya kulia. Nikaenda mpaka uwanja wa Lugalo, nikamkuta mzee mmoja anayebebea watu mifuko ya gofu, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza, akaniangalia, "Kwani we mashoto?" Nikasema hapana mzee, ni ya kazi nyingine. Akasema basi unatafuta ya mashoto, na mashoto hapa ni wachache, subiri Jumamosi. Jumamosi nikapata moja iliyotumika, ngozi laini nyeupe, elfu 15, imebana kama ngozi yangu ya pili. Sarafu niliokota mara ya kwanza.

Kama unatafuta ya kwako pima mkono kwanza kwa futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye kiganja juu ya vifundo bila dole gumba. Mimi nina sentimita 21, hiyo ni saizi ya kati. Ichukue ya kubana, ngozi inaachia ikishazoea mkono, na glovu ikicheza ndani ya kiganja inakukwangua yenyewe kabla bastola haijafanya lolote.

Kisha fundi viatu. Anakaa chini ya mwarobaini karibu na kwangu, nikampa glovu na kipande cha ngozi ya mbuzi kutoka kwenye pochi ya zamani, nikamwambia fundi nataka kiraka hapa, tabaka mbili, mshono uwe kwa nje. Akauliza kwa nini kwa nje. Kwa sababu mshono wa ndani ukigongwa unakuwa kama kisu. Akatikisa kichwa, akashona vizuri mno, kidole cha shahada akakikata na kukipindia ili kisifumuke, kidole cha kati nikamwambia aongeze tabaka moja tu. Elfu 4. Ile mikanda ya kubandua inayolia krrr kwenye kifundo cha mkono nilimwambia aipunguze, isije ikanasa kwenye nguo.

Houston nilipiga risasi 30 na 629 na mkono ulirudi mzima. Lakini nisikudanganye, glovu ilifanya nusu ya kazi. Nusu nyingine kaka alikuwa ameng'oa ule mpini wa mbao akaweka wa mpira unaofunika mpaka chuma cha nyuma, na risasi 12 kati ya hizo zilikuwa .44 Special, ambazo zinaingia kwenye bastola ileile ila teke lake ni la kistaarabu. Kiwiko kiliuma siku mbili vilevile, glovu haizuii kitu kule. Ile nyepesi nilikataa kuishika, kaka akanizomea, sawa.

Kuna vitu viwili glovu haikuokoi navyo. Kwenye rivolva kuna upenyo mdogo kati ya vyumba vya risasi na mtutu, gesi ya moto inatoka pale pembeni, ukiweka dole gumba pale kwenye bastola kubwa kama zile za .500 zilizotoka 2003 inaweza kukupasua kidole, ngozi ya mbuzi au si ya mbuzi. Na risasi inaacha vumbi la risasi lenyewe, yaani madini ya risasi, linaingia kwenye glovu, kwa hiyo usile chipsi ukiwa umeivaa, usiifue na nguo za watoto, mikono oshea maji ya baridi na sabuni.

Kaka alitaka kunipa ganda moja la .44 kama ukumbusho. Nikajiona nimesimama kwenye mashine ya ukaguzi pale uwanja wa ndege wa JNIA naeleza kuhusu ukumbusho. Nikamrudishia.

Glovu nilirudi nayo. Sina bastola hapa wala siombi leseni, ila kuitupa siwezi. Tatizo jipya ni unyevu wa hapa kwetu, niliiacha kwenye droo wiki tatu za mvua za masika nikaikuta na ukungu mweupe palepale kwenye kiraka cha fundi. Nimeifuta na kitambaa kikavu, nimeianika kivulini maana juani ngozi inakakamaa kama dagaa, sasa inakaa kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Mama Nasra ameshaniuliza mara mbili lile kopo lake la sukari limekwenda wapi.