Orodha ya samaki wa pwani: XML imeanza kutoa kurasa

Awamu hii kazi yote ilikuwa kwenye faili la mtindo. Data yenyewe, yaani majina ya samaki, jina la kisayansi na familia, imeshakaa ndani ya samaki.xml (XML ni maandishi yenye alama zinazotaja kila kipande cha data) na siigusi tena kwa sababu ya sura. Nikitaka sura nyingine, naandika faili jingine la XSLT, lugha ya kugeuza XML kuwa kitu kingine. Sasa yapo mawili: moja linatoa HTML, la pili CSV kwa wanaopenda majedwali.

Naandika violezo vidogo vidogo, kila kimoja kikisema elementi fulani ya XML itokee vipi, kisha `xsl:apply-templates` inatafuta kipi kinafaa wapi. Waliozoea Python au PHP hukimbilia `xsl:for-each`, yaani kitanzi cha kupitia kimoja kimoja, na kwa orodha fupi si vibaya. Lakini maelezo yangu yana majina ya kisayansi katikati ya sentensi, na kila moja lazima liwe la mlazo. Kiolezo kimoja kinatosha, jina litokee popote. Jambo la kuangalia ni kwamba elementi isiyo na kiolezo haipotei: maandishi yake hupita hadi kwenye ukurasa. Vidokezo vyangu vya faragha vimenyamazishwa na mstari huu mmoja:

`<xsl:template match="kidokezo"/>`

Kilichokula muda ni kupanga samaki kwa familia. Natumia xsltproc, programu ya kuendesha XSLT, nyepesi na haina makuu, ila inajua XSLT 1.0 tu, ya mwaka 1999. `xsl:for-each-group`, amri ya kupanga kwa makundi, ilikuja na toleo la 2.0 mwaka 2007. Saxon, programu nyingine ya kazi hiyo inayojua matoleo mapya, ingenirahisishia, lakini inataka Java, na kompyuta yangu ni mzee. Basi nikashika mbinu ya Steve Muench: unatengeneza faharasa kwa `xsl:key`, halafu unachagua samaki wa kwanza tu wa kila familia:

`samaki[generate-id() = generate-id(key('kwa-familia', familia)[1])]`

Ukishampata huyo wa kwanza, `key()` inakuletea wenzake wote. Inatisha kuisoma, lakini inafanya kazi: nguru, jodari na kibua wamekaa pamoja chini ya Scombridae, tasi yuko kwake Siganidae.

Kivinjari nimekitoa kabisa kwenye mpango. Zamani ilitosha kuweka `xml-stylesheet` juu ya XML, kivinjari kikabadilisha chenyewe. Mwaka 2025 watengenezaji wa Chrome walitangaza kwamba wataiondoa XSLT humo. Kwa hiyo nageuza huku huku nyumbani, napandisha HTML iliyokwisha kuiva:

`xsltproc -o samaki.html kurasa.xsl samaki.xml`

Kinachofuata ni majina ya mahali mahali, maana samaki huyohuyo anaweza kuitwa hivi Lamu na vingine Kilwa. Nitaruhusu `<jina>` zaidi ya moja kwa kila samaki, kila moja na sifa ya `eneo`, kisha faharasa ya pili kwa maeneo. Kiolezo cha CSV ndicho kitakachonisumbua: safu moja ya jina haitatosha tena.