Houston mpaka New Orleans, kufuata nyumba za shotigani

Ukitoka Houston kwa barabara kuu ya I-10 kwenda New Orleans ni kama kilomita 560, na ukishaiaga Texas tu unakutana na lile daraja la Lake Charles ambalo kingo zake zimepambwa bastola za chuma mbili mbili zimepishana. Hassani alidhani namtania mpaka alipoziona. Huyu ni binamu yangu, tangu afike Marekani ndo mara ya kwanza anatoka nje ya Texas, na njia nzima alikuwa anauliza swali moja tu, yaani tunaendesha gari masaa yote haya kwenda kuangalia nyumba za maskini?

Ndio bana. Mi kazi yangu ni kupiga jipsamu, na site zangu nyingi ziko Third Ward pale Houston, sa kule kuna nyumba 22 ndogo nyeupe zimepangwa mstari, zilikuwa zinasubiri kubomolewa, mwaka 1993 kina Rick Lowe na wasanii wenzake wakazichukua, leo inaitwa Project Row Houses. Zote ni shotigani. Upana ni chumba kimoja, vyumba vinafuatana kwenda nyuma, milango imenyooka, wanasema ukifyatua risasi mbele inatokea nyuma bila kugusa kitu. Nilivyoanza kuuliza ramani hii ya nyumba imetoka wapi, jina lililokuwa linajirudia ni John Michael Vlach.

Huyu mzee alizaliwa Honolulu 1948, mzungu, na wala hakuwa arkitekti, alisomea mila na sanaa za watu wa kawaida pale chuo kikuu cha Indiana, mwalimu wake Henry Glassie, naye mtu wa kuzunguka vijijini akipima nyumba na maghala ya wakulima. Wakati maprofesa wengine wanaandika kuhusu makanisa na maghorofa, Vlach akachukua shotigani ndo ikawa tasnifu yake ya udaktari, 1975. Kabla yake zilikuwepo hadithi tu, eti viwanja vilikuwa vyembamba, eti kodi ilihesabiwa kwa upana wa mbele. Yeye akaingia kwenye mikataba ya zamani ya ujenzi New Orleans, akaenda Port-au-Prince kule Haiti akapima, akafika mpaka kwa Wayoruba Nigeria.

Jibu lake ni hili. Mwaka 1809 watu karibu elfu kumi waliokuwa wamekimbia vita vya Haiti walifukuzwa Cuba wakaja New Orleans, mji ukajaa mara mbili, na wengi wao walikuwa weusi, kuna watumwa na kuna waliokuwa huru, mafundi wenyewe wamo humo. Walikuja na nyumba yao kichwani. Na ile ya Haiti nayo ina mzizi Afrika Magharibi, kwa Wayoruba kuna nyumba ya vyumba viwili, futi 10 kwa 20, Waafrika wakaijenga upya kule visiwani kwa vifaa walivyovikuta. Kwa hiyo mtindo ambao Marekani nzima iliuona ni wa kimaskini, kumbe ni ujenzi wa Kiafrika uliovuka bahari.

Baton Rouge tukapitia makumbusho ya maisha ya shamba ya LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Chuo hichohicho ndo alipofundisha Fred Kniffen, aliyeorodhesha aina za nyumba za Louisiana tangu 1936, kwa hiyo Vlach hakuanza na karatasi tupu. Tukazunguka haraka maana jua lilikuwa kali hatari.

New Orleans tulilala kwenye shotigani yenyewe, mtaa wa Tremé. Hapo ndo Hassani akaelewa. Nyumba za Kiswahili tulizokulia zina korido katikati, kila mtu na mlango wake, huku korido hamna kabisa! Mi nililala chumba cha kati, yeye cha mbele, choo kiko nyuma, usiku akija ananipita kitandani, "samahani kaka", akirudi tena, "samahani kaka". Asubuhi nikatoa tepu, chumba futi 13 kwa 14, dari iko juu kama futi 12 ili joto lipande, na ukifungua mlango wa mbele na wa nyuma upepo unapita moja kwa moja, feni ya nini. Vlach aliandika kwamba nyumba hii inakulazimisha uwe karibu na watu, ndani mnapitana, na ukichoka kupitana unatoka barazani ambako mtaa wote unakuona. Kweli, hatujamaliza kahawa pale barazani majirani watatu wameshatusalimia na mmoja anataka kujua sisi watoto wa nani.

Tulivyokuwa tunarudi tukaingia Whitney, shamba la miwa la zamani ambalo sasa linasimulia habari za watumwa wenyewe. Pale kwenye vibanda nikamwambia Hassani kilichompata Vlach. 1993 alitoa kitabu kuhusu majengo ya watumwa, 1995 maonyesho yake yakatundikwa Maktaba ya Bunge kule Washington, wafanyakazi weusi wa maktaba wakaona zile picha za majengo ya watumwa kazini kwao wakakasirika, siku hiyohiyo yakateremshwa. Baada ya wiki chache maktaba ya Martin Luther King mjini hapohapo ikayapokea, watu wakajaa. Mi naona wafanyakazi walikuwa na haki ya kuumia, wengine walikuwa na kesi ya ubaguzi dhidi ya maktaba hiyohiyo, ila kuyashusha ilikuwa ni uoga wa mabosi. Hassani akagoma, anasema mzungu ndo atuonyeshe vibanda vya babu zetu? Nikamwambia bila tepu ya yule mzungu wangeendelea kusema ni kodi ya upana. Tukabishana hivyo mpaka Lafayette, njaa ikatunyamazisha.