Kunguni za ruta

Juzi moto wa umeme umekatika hapa Goma, umerudi, kijana wangu akaangalia simu akaniuliza, "Papa, mbona matangazo yamerudi?" Nikacheka peke yangu, juu swali hilo hilo Yaya, mkubwa wangu, aliniuliza siku za siberi, duka la intaneti, ya Birere.

Mega za intaneti zilikuwa za dola pale, na matangazo yalizikula kabla mteja hajasoma kitu. Bon, nikaweka OpenWrt, mfumo huru wa kuendesha ruta, kwa ruta iliyogawa intaneti, nikaandika skripti: inashusha orodha ya majina ya matangazo, inaipa dnsmasq, programu ya ruta inayotafuta anwani za majina ya tovuti, iyakatae, halafu inaongeza sheria ya iptables, amri ya kupanga sheria za mtandao, ili hata simu iliyojiwekea 8.8.8.8, ile ya Google inayojibu majina, ilazimike kuuliza ruta. Ilitembea vizuri, lakini laini ikikatika na kurudi, fayawoli, mlinzi wa mtandao ndani ya ruta, inajipanga upya na kufuta sheria yangu, juu haiijui. Nikajiona mjanja, nikaweka kron, programu ya kurudia kazi kwa saa zilizopangwa, iirudishe kila dakika 10.

Siku ya pili jioni nikapakia orodha kubwa zaidi. Ruta ilikuwa na memori ya MB 32 tu, dnsmasq ikaanguka, na kwa vile sheria yangu inasukuma kila swali kwake, siberi nzima ikazima, mteja mmoja anadai franka zake. Nikakaa chini nyuma ya meza, laptopu magotini, jenereta inanguruma, nikaandika iptables -D, amri ya kufuta sheria. Nikaangalia: sheria iko. Nikafuta tena. Iko. Tena. Iko! Yaya akainama na tochi ya simu, "Mdogo wangu, unaua kunguni?" Ndiyo nikashusha skrini pole pole, mstari ule ule, mia mbili na zaidi, kron ilikuwa inaongeza bila kuuliza kama upo, na -D inatoa mmoja mmoja.

Nilishafuta kama 30 ndipo nikakumbuka kuanzisha fayawoli upya. Sekunde moja, zote kwisha. Fayawoli ile ile niliyokuwa naitukana.

Orodha nikaipunguza, sheria nikaihamishia /etc/firewall.user, faili ambayo fayawoli yenyewe ilikuwa inaisoma kila ikiamka. Ilikuwa, nasema, juu toka toleo la 22.03 OpenWrt imehamia nftables, mrithi wa iptables, na faili ile haisomwi tena hivi hivi, na ruta ya hapa nyumbani nimeipandisha toleo majuzi tu, sheria nikaiingiza kwa mkono, nikasahau kwamba moto ukikatika inapotea.

Nikamwambia kijana angoje. Usiku nikajikuta nimeshafungua kron.