Siku Moja na Wahadhiri Wanaojipima

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimesimama ndani ya feri ya Likoni, Mombasa, mkoba wenye fomu za tathmini begani, nikielekea kisiwani kuendesha siku ya pili ya mafunzo ya uhakikisho wa ubora kwa wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja.

Kufikia saa mbili ukumbi ulikuwa umejaa wakuu wa idara, wahadhiri, mafundi wa maabara na karani wa mitihani. Mafundi na karani niliwaombea nafasi mimi mwenyewe, kwa sababu karani anayepokea alama kila muhula anajua zinakokwama kuliko mtu mwingine yeyote chuoni.

Tulianza na sheria. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ndiyo inayoidhinisha programu za masomo nchini Kenya, lakini haiketi madarasani mwetu kila siku. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, ni chuo chenyewe kinachopaswa kujua kama kinachofundishwa ndicho kilichoahidiwa. Kisha nikaeleza kipimo kilichomo katika mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala: idara hujipa alama kutoka 1 hadi 7, ambapo 4 humaanisha kuwa jambo linatosheleza kama inavyotarajiwa, na kila alama sharti itolewe ushahidi.

Baada ya chai ya saa nne kila kundi lilijipima kuhusu maoni ya wanafunzi. Kundi moja lilijipa 5, likieleza kwamba fomu za maoni hujazwa kila muhula bila kukosa. Nikaomba kuziona. Mkuu wa idara hakusita. Alikwenda ofisini kwake akarudi na faili nene, na ndani yake fomu zilikuwa zimefungwa kwa mpira ambao joto na chumvi ya hewa ya pwani vilikuwa vimeukausha hata ukakatika vipande nilipougusa, alama yake ikabaki imeganda kwenye karatasi ya juu. Hakuna aliyekuwa amezifungua. Katika fomu ya tatu mwanafunzi alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: "Mashine moja, sisi arobaini. Tunatazama tu." Fundi wa maabara akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alilieleza jambo hilo mara mbili. Ukumbi ulinyamaza, na kundi lile, bila kuambiwa, likafuta 5 likaandika 2. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama iliyokuwa na thamani kuliko zote za siku hiyo.

Saa sita na nusu tulipumzika kwa swala na chakula.

Saa nane tuliyapitia matokeo tarajiwa ya kozi, yaani yale ambayo mwanafunzi anapaswa kuweza kuyafanya akimaliza kozi. Mhadhiri mmoja alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi "ataelewa kutu ya vyuma". Kuelewa hakupimiki kwa namna hiyo, kwa hiyo tulikaa na sentensi ile moja karibu nusu saa hadi ikawa: mwanafunzi ataweza kupima kiwango cha kutu katika sampuli na kueleza chanzo chake. Hapo ndipo mhadhiri mwenyewe alipogundua kwamba mtihani wake ulikuwa ukidai fasili ya kutu na si zaidi, na kwamba lile la kupima lisingewezekana kwa mashine moja.

Ilipofika saa kumi, mkuu wa idara yule akaniuliza, "Mwalimu, tukiipeleka hii 2 si tutakuwa tumejikaanga kwa mafuta yetu wenyewe?" Nilimjibu kwamba mkaguzi akikuta 5 isiyo na ushahidi ataitilia shaka ripoti nzima, ilhali 2 yenye mpango ulioandikwa jina la mhusika, tarehe na fedha zitakakotoka humwonyesha idara inayojijua. Nikaongeza, kwa kuwa jambo hili husahauliwa sana, kwamba wanafunzi waliojaza fomu wanapaswa kurudishiwa jibu, hata kama jibu ni kwamba mashine ya pili haitapatikana mwaka huu.

Saa kumi na moja jioni, nilipokuwa nikikunja nyaya za projekta, yeye na fundi walikuwa bado wameketi meza ya nyuma, wakizigawa zile fomu mafungu mawili ili kila mmoja asome lake usiku huo.