Siku yangu katika chumba cha plaki, Lubumbashi

Mwezi wa sita baridi ya asubuhi huingia hadi ndani ya chumba cha plaki, yale mabamba ya kuchapia. Ndiyo maana nikifika saa moja kutoka Katuba, kabla sijavua koti ninawasha mashine ya kusafishia plaki. Dawa yake inataka joto la nyuzi 23 hivi. Ikiwa baridi, sehemu zisizo na picha hazitakati, na wino utashika pasipotakiwa.

Anayeingia imprimeri, yaani kiwanda cha uchapaji, huiona mashine kubwa inayonguruma. Mimi niko nyuma ya ukuta. Napokea faili za wateja na kuzigeuza kuwa plaki, yaani bamba la aluminiamu, unene wa milimita 0.3, lililopakwa tabaka linaloitikia leza. Kila rangi ina plaki yake: sayani, majenta, njano na nyeusi. Plaki ikishachomwa, neno lililokosewa halisahihishwi. Unatengeneza nyingine.

Saa mbili hadi saa nne: vitabu vya fakture, yaani ankara, na lebo za chupa za maji.

Saa nne akaingia Papa mmoja, ndivyo tunavyowaita akina baba hapa, kiongozi wa kwaya. Kitabu cha nyimbo, kurasa 32, nakala 2,000, na anakitaka kabla ya Jumapili. Picha ya jalada ilikuwa imepitia WhatsApp. Nikiikuza ifikie ukubwa wa jalada inabaki na nukta 90 kwa inchi, nami nahitaji 300. Nikamwomba ampigie mpiga picha atume ile ya asili. Tukasubiri. Maandishi ya kitabu yalikuwa meusi ya kuchanganya rangi zote nne. Karatasi ikisogea kidogo tu, kila herufi inaota kivuli. Nikayarudisha yote kwenye nyeusi peke yake. Kisha nikapanga kurasa, 1 ubavuni mwa 32, 2 ubavuni mwa 31, kila jozi ikijumlishwa iwe 33.

Picha ikafika saa sita. Nikatoa nakala ya kuangalia, Papa akaiweka kando ya simu yake.

“Mama, hii buluu si yangu.”

Nikamweleza kwamba simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inarudisha tu mwanga wa chumba. Buluu tunaijenga kwa sayani na majenta, na ile kali ya simu ikifika kwenye wino huelekea zambarau. Hakukubali. Nikashusha majenta kutoka asilimia 90 hadi 80, nikatoa nakala nyingine. Akaenda nayo dirishani, akarudi, akampigia mke wake. Nikashusha hadi 70. Akaipeleka nje kwenye jua. Saa nane ikapita hivyo, bukari langu, yaani ugali, likipoa kwenye bakuli. Mwishowe akasaini BAT, ile karatasi ya kuruhusu tuchape, nami nikaanza kuchoma: plaki nne za ndani, zote za nyeusi, na nne za jalada, moja kwa kila rangi.

Ya saba ilikuwa ndani ya dawa umeme ulipokatika. Plaki ikilala humo muda mrefu, dawa inakula hata picha. Hiyo ikaharibika. Jenereta likawashwa, lakini dawa ilishapoa. Nikangoja ipate joto tena, nimesimama, miguu inauma.

Plaki zote nane zilikuwa tayari Papa alipopiga simu. Namba iliyo nyuma ya jalada imekosewa.

“Ni tarakimu moja tu, Mama. Ifute.”

Aluminiamu hii inatufikia kwa lori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kila plaki ninayoitupa naihesabu. Lakini namba ile niliiweka kwenye nyeusi tupu, juu ya nafasi nyeupe. Rangi tatu zilibaki salama. Nikachoma moja tu.

Giza lilikuwa limeingia yaya wa mashine, yaani mwendeshaji wake, aliponiita. Kwenye lenzi ya kukuza, alama za msalaba za rangi nne zilikuwa zimelaliana kabisa.

“Imekaa,” akasema.

Nikageuza jalada, nikasoma namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili.